Ugwe wa Mafundo Matatu

Bweni, Mafia
4 Machi 1972

Kaka yangu Shamte,

Shikamoo. Huku sote wazima, na tunakuombea uzima huko Keko. Minazi inazaa, masika bado hayajaanza, na baba anakusalimu.

Kaka, nina haja nawe, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho wa karatasi. Mume wangu Hemedi anataka kujenga mwili. Unamjua alivyo, mrefu, mwembamba, chaki sikioni. Asubuhi anafundisha watoto, alasiri anafundisha kisomo cha watu wazima, na mgongo umeanza kumlalamikia. Sasa anataka mazoezi, lakini hataki kwenda kukimbia pwani watu wamcheke. Anataka afanyie nyumbani, uani, nyuma ya jiko.

Nikakumbuka barua yako ya mwaka jana kuhusu kile kiunzi mlichokijenga nyuma ya karakana yenu, chenye nguzo za chuma na matundu ya kutia vigingi, na kapi za kupitishia kamba. Uliandika kurasa tatu, kaka. Hemedi alisinzia kabla sijamaliza kumsomea. Lakini leo ndiye anayeuliza. Je, ziko aina ngapi, na ipi inamfaa mtu wa nyumbani? Na kwenye ncha ya kamba hufungwa nini? Kama unaweza kututengenezea kimoja kwa vyuma chakavu vya huko, nitakushukuru mpaka nizeeke.

Usichelewe kujibu. Na barua iandike kwa jina langu, usiandike kwa jina la baba. Shamba siku hizi linamchosha, tusimsumbue na habari za vyuma.

Mdogo wako,
Mashavu

*

Keko, Dar es Salaam
19 Machi 1972

Mdogo wangu Mashavu,

Marahaba. Uliniambia nisicheke mpaka mwisho wa karatasi. Nilijitahidi, nikafika mstari wa tano. Niliwasomea mafundi wenzangu karakanani, na mmoja ameuliza kama huyo mwalimu atanyanyua vyuma au vyuma ndivyo vitamnyanyua yeye. Msalimu sana shemeji yangu. Mwambie nampenda, na ndiyo maana namtania.

Sasa tuingie kazini, maana hapa umenigusa penyewe.

Kiunzi kiko cha nguzo mbili na kiko cha nguzo nne. Cha nguzo mbili ni chepesi na hakili nafasi, lakini ukikosea kinakuangukia, na Hemedi atakosea. Cha nguzo nne mtu anaingia ndani yake kama anavyoingia mlangoni. Matundu yamepangwa toka chini hadi juu, unatia vigingi pale unapotaka, na ule mwamba, yaani chuma cha kulala chenye uzito, ukikushinda unaangukia kwenye vigingi, haukuangukii kifuani. Mimi nisingemchagulia mtu wa nyumbani kitu kingine. Hiki chetu kinabeba ratili mia tatu na hakitikisiki. Jumapili iliyopita nilinyanyua mia mbili na kumi, mbele ya watu. Muulize baba kama anaamini.

Kapi tunafunga mbili, moja juu na moja chini. Ya juu unavuta kushuka, ya chini unavuta kupanda. Kwenye ncha ya kamba unafunga unachotaka. Kuna mti mrefu wa kushika kwa mikono miwili, huo ni wa mgongo. Kuna mshikio wa mkono mmoja. Kuna kipande cha kamba nene chenye vifundo viwili, cha mikono ya nyuma. Na kuna mkanda wa kufunga kwenye kifundo cha mguu, ambao mimi siutumii, nauona wa wachezaji mpira. Kwa uzito tunamimina saruji kwenye makopo.

Mnunulie shemeji maziwa na mayai, na uniletee vipimo. Nataka urefu wa mtu, upana wa mabega, na nafasi ya uani. Kitu hiki hakikatwi kwa kukisia.

Baba anasemaje? Hukuandika anasemaje, umeandika anasalimu tu.

Kaka yako,
Shamte

*

Bweni
6 Aprili 1972

Kaka Shamte,

Shikamoo. Tumecheka sana, na Hemedi amecheka kuliko wote, ni mtu mwema.

Tumechagua nguzo nne, kama ulivyosema. Lakini tunaomba mabadiliko kidogo. Tunataka mtu akitumie akiwa ameketi. Kwa hiyo ndani yake kuwe na kiti chenye mgongo, kimefungwa imara. Kiti kiwe shibiri mbili toka ardhini. Mkono ukinyooshwa juu mtu akiwa ameketi unafika shibiri saba na nusu toka ardhini, basi kapi ikae juu ya hapo. Ya chini hatuihitaji.

Kamba ipite kwenye kapi, huku mkono na huku mkono, bila uzito. Mkono mmoja ukivutwa chini, mwingine unapanda. Na upande mmoja, badala ya mshikio, tunataka kitu cha kufunga kwenye kiganja, mtu asilazimike kukikaza kwa vidole. Uzito wa saruji usiutengeneze kwanza, au tengeneza kopo moja dogo la mchanga, tena nusu.

Tena mbele ya kiti kuwe na mwamba mmoja wa kushika wakati wa kusimama.

Najua utauliza maswali. Usiulize, tengeneza.

Baba hajambo, anakusalimu.

Mashavu

*

Keko
22 Aprili 1972

Mashavu,

Nimeambiwa nisiulize. Basi nitasema.

Mimi najenga kiunzi cha wanaume, wewe unanitaka nijenge kiti cha bibi harusi. Mtu ameketi, amefungwa kiganja, uzito ni nusu kopo la mchanga, na mkono wake wa kulia unashindana na mkono wake wa kushoto. Yaani Hemedi atashindana na Hemedi, kisha atoke nje ajisifu kuwa ameshinda. Karakana nzima imelala chini kwa kicheko. Fundi mmoja amesema tufunge na feni.

Dada, mwili haujengwi kwa kuonewa huruma. Mwache asimame, avute kitu kinachomkataa. Mimi mwenyewe nilivyoanza nilikuwa natapika.

Na shibiri saba na nusu ni shibiri za nani? Nimepima kwa kiganja changu nikapata mtu mrefu kama mlingoti, nimepima kwa cha mwanafunzi wetu nikapata mtoto. Mnaishi na mwalimu wa hesabu, na hamna futi ndani ya nyumba? Chukua ugwe, kama wanavyofanya mafundi wa milango. Shika ncha ardhini, piga fundo kila panapohitajika, ukunje, utie ndani ya bahasha. Ugwe hausemi uongo.

Sasa neno la pili, na hili si la mzaha. Barua zako zote mbili zinasema baba anasalimu, hakuna hata moja inayosema kasema nini. Nilipowaandikia kuhusu zile ratili mia mbili na kumi, nilitaka usome kwa sauti yeye akiwepo. Ulisoma? Alinyamaza?

Wewe ulikuwa mdogo, labda umesahau. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikwea mnazi wa shamba la juu, nikafika nusu, nikatazama chini, mikono ikakataa. Sikuweza kupanda wala kushuka. Baba akanifuata, akanishusha mgongoni, na chini walikuwa wakwezi wote wa Bweni. Akaninyanyua mikono yangu wote waione, akasema, “Hii si mikono ya mwanamume. Kapike uji.” Mwaka uliofuata nikaja Dar es Salaam. Kila chuma nilichonyanyua tangu siku ile nimekinyanyua ili asikie. Naona bado hasikii.

Leteni ugwe.

Shamte

*

Bweni
10 Mei 1972

Kwa shemeji yangu mpendwa Shamte,

Assalaam alaykum. Mimi ni Hemedi, mwenye mwili unaozungumziwa. Nimeona niandike mwenyewe, kwa kuwa dada yako ana kazi nyingi, na pia kwa kuwa barua yako ya mwisho alipoisoma alitoka nje na hakurudi kwa muda.

Shemeji, utani wako nimeupokea wote. Ni kweli nataka kuketi. Sababu ni mgongo. Ni kweli nataka mkono mmoja ufungwe. Sababu ni kwamba, naam, nashika chaki muda mrefu na vidole vinachoka. Mtu anayeanza hapaswi kuanza na uzito mkubwa, hata katika hesabu hatuanzi na kugawanya.

Ugwe umo ndani ya bahasha. Ncha yenye kitambaa chekundu ndiyo ya ardhini. Fundo la kwanza kutoka hapo ni kiti. Yanayofuata ni mikono, kila mmoja na fundo lake, ikiwa imeinuliwa juu kadiri inavyoweza. Nimepima mwenyewe mara tatu, kwa uangalifu, na sikuongeza wala kupunguza hata upana wa kidole. Ulisema ugwe hausemi uongo, nami nimeona niutendee haki.

Baba mkwe hajambo. Alisomewa barua, na alisikia kuhusu ratili zako. Hakusema neno kwa sababu wakati ule

Samahani, nimeharibu mstari huo. Alifurahi.

Wako katika udugu,
Hemedi

*

Keko
21 Mei 1972

Mashavu na Hemedi,

Nimeunyoosha ugwe wenu juu ya meza ya kazi, nikaugongomea msumari kila fundo, kama ninavyofanya siku zote. Nilikuwa na chaki mkononi na utani umeshajaa mdomoni.

Fundo la kiti liko chini. Hemedi, miguu yako ni mirefu, ukiketi hapo magoti yatagusa kidevu. Kwa hiyo aliyepimwa si wewe.

Fundo la juu kabisa liko mbali. Nimemketisha kila fundi wa hapa kwenye kiti cha urefu huo, nikamwambia anyooshe mkono. Hakuna aliyefika. Namjua mtu mmoja tu Bweni, mfupi wa miguu, mwenye mkono wa kufika huko, na ameupata kwa miaka arobaini ya kuukumbatia mnazi.

Na fundo la katikati. Nilidhani umekosea, Hemedi. Nikakumbuka umeandika umepima mara tatu. Mkono mmoja umefika juu kuliko wa mtu yeyote hapa, na mwenziwe umeishia chini ya bega.

Ni baba. Tangu lini?

Mafundi waliniuliza mbona sicheki leo. Nimewaambia kichwa kinaniuma. Nimesoma tena barua zangu zote mbili, yale ya kiti cha bibi harusi, na Hemedi kushindana na Hemedi. Mliyasoma hayo mkiwa na mgonjwa chumba cha pili. Naona haya mpaka sijui niziweke wapi hizi nakala.

Jibuni upesi. Jumatatu naomba ruhusa kwa mkubwa wangu wa kazi, na chombo cha kwanza cha kuja Kilindoni napanda.

Shamte

*

Bweni
28 Mei 1972

Kaka,

Shikamoo. Usipande chombo. Nakuomba kwa jina la mama yetu aliye kaburini, soma kwanza.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, tarehe nane. Ametoka kuswali alfajiri, amekwenda shamba la juu, ameketi chini ya mnazi kufunga kitanzi cha miguu cha kukwelea. Mguu wa kushoto haukuingia kwenye kitanzi. Alijaribu tena, haukuingia. Wenziwe walipomwita aliwajibu, na maneno yakatoka yamepinda. Walimbeba kwenye kitanda cha kamba, kisha kwa gari la nazi hadi Kilindoni. Daktari alisema ni kiharusi. Baada ya mwezi mdomo ulirudi, na mguu unaburutika kwa mkongojo. Mkono wa kushoto ndio uliobaki. Daktari alisema unaweza kurudi, angalau nusu, ukifanyishwa kazi kila siku, ule mzima ukiuvuta ulio mgonjwa. Ukiachwa ulale mpaka mwisho wa mwaka, basi tena. Ndipo nikakumbuka kapi zako.

Ni yeye aliyetukataza kukuandikia. Siku ya kwanza aliyoweza kusema sawasawa, aliniita akasema, “Shamte asijue. Nilimwambia mwanangu hana mikono, mbele za watu. Sasa aje anione mimi?” Nikamwambia, “Baba, kaka hawezi kukucheka.” Akasema, “Najua hatacheka. Ndiyo maana sitaki.”

Kaka, unasema hasikii. Barua yako ya mwaka jana, ile ya kurasa tatu, iko chini ya mto wake. Ile ya ratili mia mbili na kumi nilimsomea mara nne. Alinyamaza kweli. Alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake, na mimi nilikuwa namfuta machozi.

Linalomuuma zaidi ni hili. Msikitini haendi tena. Anaswali nyumbani, na baada ya swala anapoomba dua mkono mmoja unapanda na mwingine umelala pajani. Aliniambia, “Watu wote wanamwomba Mungu kwa mikono miwili, mimi nanyoosha mmoja kama ninayeomba nauli.” Alisema huku anacheka, lakini hakuwa anacheka.

Tulipompima tulimwambia ni kiti cha kupumzikia tunamtengenezea. Ukija kabla hajakuita, atageukia ukutani na hatageuka tena, namjua na wewe unamjua. Tuletee kiunzi kwanza. Wewe njoo baada ya mkono.

Mashavu

*

Keko
25 Juni 1972

Mdogo wangu Mashavu, na shemeji yangu Hemedi ambaye sasa nakuomba radhi,

Sikupanda chombo. Nilifika hadi bandarini, nikakaa juu ya mizigo, nikarudi.

Kiunzi kimeondoka jana na nahodha Abeid, atakikabidhi Kilindoni kwenye gari la nazi. Kiko vipande kumi na moja, hakikuchomelewa, ni cha kufunga kwa boliti, na kila kiungo nimekipiga alama, Hemedi utafuata alama. Nguzo ni nne. Ule mti mrefu wa mgongo sikuutengeneza, wala ule mwamba wa ratili mia tatu. Nilianza upya kabisa, nikakisahau kiunzi chetu cha karakana, nikautazama ugwe tu.

Matundu ya nguzo yanapishana vidole viwili, si vinne kama yetu. Kwenye matundu hayo kuna kigingi kidogo chenye kichwa chekundu. Kitieni pale mkono wa kushoto ulipofika leo. Ukivuka, kipandisheni tundu moja. Mtu anayepona anahitaji kuona alipokuwa jana.

Kapi nilichonga ya mbao. Za chuma zinalia, na sitaki jirani wasikie kila anapovuta. Kamba ni ya pamba, laini. Upande wa kulia nimefunga mshikio wa mti. Upande wa kushoto ni mfuko wa turubai wa kuingiza kiganja, unafungwa kwa kifungo kimoja, vidole havina kazi. Niliujaribu kwa mkono wangu mwenyewe, nikauachia mkono kama uliokufa, nikavutwa na ule mwingine. Nimekaa hivyo jioni tatu mfululizo mpaka nikajua unauma wapi, nikaushonea pamba hapo. Kopo la mchanga nimelitia, mtalihitaji baadaye, inshallah.

Mwamba wa kusimamia uko mbele ya kiti. Nimeuzungushia kamba ya usumba wa makumbi ya nazi usiteleze.

Sasa Hemedi, lazima uendelee kuwa na mgongo mbaya. Mwambieni baba kiunzi ni chako. Wewe keti, vuta, tena vuta vibaya. Mzee hawezi kumwona mtu akifanya kitu vibaya akanyamaza. Nina ushahidi.

Mashavu, nilikuwa nadhani nimekuwa hodari wa kunyanyua. Tangu nisome barua yako sijanyanyua chuma.

Shamte

*

Bweni
20 Agosti 1972

Shemeji Shamte,

Assalaam alaykum. Umenitia mashakani, na nimetoka salama, nakuandikia nikueleze.

Vipande kumi na moja vilifika kumi na moja, ingawa barabara ya kutoka Kilindoni ilijitahidi kuvipunguza. Nilivifunga kwa kufuata alama, na siku ya pili nilianza mazoezi uani. Mzee aliletewa kigoda, akakaa na mkongojo wake kunitazama. Nilivuta vibaya kama ulivyoniagiza. Sikuhitaji kuigiza sana.

Siku ya kwanza alitikisa kichwa tu. Siku ya pili aliniuliza, “Mwalimu, hapo unavuta, au unapunga nzi?” Siku ya tatu aliwaita wakwezi wawili waje waone. Na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kombo, naye akaja, akasema katika zama hizi za ujamaa mtu mmoja kuwa na mtambo uani kwake si jambo la kupendeza, atalipeleka kwenye kikao cha tawi. Mzee akamjibu, “Mpeleke na mwalimu mwenyewe, wakamwone anavyovuta, watarudisha vyote viwili.”

Siku ya nne alisema, “Ondoka nikuonyeshe.”

Shemeji, alinyanyuka kwa mkongojo, akaingia kati ya nguzo, akashika ule mwamba wa mbele ili ajishushe kitini. Hapo akasimama. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya ile kamba ya usumba. Alikipitisha kuifuata, zungusho kwa zungusho, hadi mwisho ilikofungwa, kisha akarudi mwanzo. Akaniuliza, “Nani kaifunga hii?” Nikasema mafundi wa Dar es Salaam. Akasema, “Mafundi wa Dar es Salaam hawafungi kitanzi cha mkwezi. Hiki nilimfundisha mtu mmoja, na alikuwa akikosea zungusho la mwisho. Na hapa limekosewa.”

Mimi ni mwalimu, uongo wangu ulikuwa umeisha. Akaniuliza umejua tangu lini, nikamwambia tangu ugwe. Akaketi. Mashavu akatoka jikoni na chai, nayo ikapoa. Kisha akaniambia, “Nifunge mkono.”

Nikamtia kiganja kwenye ule mfuko, nikafunga kifungo. Akavuta kwa wa kulia. Wa kushoto ukapanda polepole, ukafika kifuani, ukatetemeka, akaurudisha. Jasho lilimtoka kama aliyekwea minazi kumi. Tukatia kigingi chekundu pale.

Hiyo ilikuwa tarehe kumi na tisa Julai. Leo kigingi kimepanda matundu sita. Anavuta asubuhi na alasiri, na mimi ananihesabia kwa fimbo. Mzee Kombo, ambaye bega lake la kulia limekaza tangu mwaka juzi, huja kila siku baada ya mzee kumaliza, akaketi akajivuta. Suala la kikao cha tawi halijatajwa tena.

Hajasema nikuandikie. Lakini hajanikataza pia.

Shemeji yako,
Hemedi

*

Bweni
Jumamosi, 30 Septemba 1972

Kwa mwanangu Shamte,

Barua hii naandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu za chuoni kwetu, kwa sababu za skuli sizijui na Mashavu simpi kazi ya kuyaandika haya. Mtafute mtu mzima akusomee kama umezisahau. Akikusomea mbele ya mafundi wenzako, vizuri zaidi, wasikie.

Uliposhuka ule mnazi mgongoni kwangu nilikuwa naogopa kuliko wewe. Nilipokuona umeganda pale juu niliona maiti yako. Nilipofika chini uoga ulikuwa haujanitoka, na watu walikuwa wananitazama, nikautoa kwa mdomo. Miaka kumi na miwili sikupata njia ya kuurudisha. Nilijua mahali ulipo, nilijua na jina la mtaa, sikuandika. Hilo ni kosa langu mimi, si la mikono yako.

Nimeketi chini ya chuma chako miezi miwili na zaidi. Nimekijaribu kwa kila namna, hata kwa hasira, hakikutikisika. Ile kamba ya usumba zungusho la mwisho bado unakosea. Sikuifungua. Sitaki mtu aifungue.

Mwezi wa tano waliponipima na ugwe nilidhani ni kiti cha kupumzikia. Nakuletea ugwe mwingine. Kitambaa chekundu ni ardhini kama ule wa kwanza, na kiti ni kilekile. Uweke wa kwanza ubavuni mwake, usiniulize kwa barua, utaona mwenyewe.

Jana nilikwenda msikitini. Hemedi alinishika upande mmoja, Kombo upande wa pili. Baada ya swala imamu alipoomba dua nilinyanyua yote miwili. Wa kushoto haukufika alipofika mwenziwe, umepungua vidole vitatu, lakini sidhani kama Mola anapima kwa ugwe. Imamu alipomaliza nikaomba ruhusa nina neno. Wakwezi waliokuwepo siku ile, waliobaki hai ni watano, na wote walikuwa safu ya mbele. Niliwanyanyulia mikono yangu waione, kama nilivyowanyanyulia yako. Nikawaambia, huu wa kulia nilipewa na Mungu, na huu wa kushoto Mungu amenirudishia kwa mikono ya Shamte.

Njoo Idi. Ukifika Kilindoni asubuhi gari la nazi hutoka saa nne. Nitakuwa nimekaa barazani, na nitasimama mwenyewe.

Baba yako,
Mkadam